Nyufa katika Uso wa Delft

Kwa siku kadhaa nimekuwa nikiirudia picha moja ya Johannes Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, iitwayo Barabara Ndogo, iliyomo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Ni picha ya sentimita 54 hivi kwa 44 tu, inayoonyesha nyumba kuukuu ya matofali mjini Delft ambayo ukuta wake wa mbele unapanda kwa ngazi ngazi hadi kuuficha mwinuko wa paa. Ukiikuza kwenye skrini utaona nyufa zinazokatiza matofali na mahali zilipozibwa, kisha mwanamke akishona mlangoni na watoto wawili waliopiga magoti nje wakicheza. Vermeer aliichora mnamo 1658, miaka minne baada ya ghala la baruti kulipuka na kuangusha mitaa ya mji huo, lakini hakuona haja ya kuupamba ukuta huu.

Katika miji ya Uholanzi, uso wa nyumba ulikuwa na kazi zake. Kando ya mifereji viwanja ni vyembamba na ngazi za ndani zimebana, kwa hiyo mizigo ilivutwa kwa kamba kutoka kwenye boriti yenye ndoano iliyochomoza juu, na kuta nyingi zilijengwa zikiinama kidogo kuelekea barabarani. Kabla ya kuwapo nambari, jiwe lililochongwa na kupakwa rangi ndilo lililoitambulisha nyumba. Fasheni nayo haikukosa nafasi: kilele cha ukuta chenye umbo la ngazi kilipopitwa na wakati, mwenye nyumba aliweka cha umbo la shingo au la kengele, na ndiyo maana nyumba ya karne ya 17 inaweza kuwa imevaa uso wa karne ya 18.

Amsterdam ilitaka makubwa zaidi. Ukumbi wa jiji uliosanifiwa na Jacob van Campen, ambao ujenzi wake ulianza 1648 na ukafunguliwa 1655, una sanamu za Artus Quellinus: mbele, miungu ya bahari inamsujudia bibi anayeuwakilisha mji, na nyuma mabara yanamletea mali kana kwamba yote yalitolewa kwa hiari. Gerrit Berckheyde alilichora jengo hilo mara nyingi. Hata Jan van der Heyden, aliyechora matofali moja moja na ambaye pia aliboresha pampu ya zimamoto kwa kuitia mpira wa maji, hakusita kuyahamisha majengo ndani ya picha zake ili mji upendeze. Nawaheshimu wote wawili, ila siwaamini kama ninavyomwamini Vermeer.

Mwaka 2015 mtafiti Frans Grijzenhout, akitumia daftari la ushuru la 1667 lililoandika upana wa kila nyumba iliyopakana na mifereji ya Delft, alihitimisha kwamba mahali palipochorwa katika Barabara Ndogo ni mtaa wa Vlamingstraat, zilipo leo nyumba nambari 40 na 42. Nyumba ya kulia katika picha ilikuwa ya shangazi yake Vermeer, mjane aliyewalea watoto wake kwa kuuza matumbo ya wanyama. Nyumba zilizosimama hapo sasa ni za baadaye, lakini kichochoro cha pembeni bado kipo, kile kilichoitwa Penspoort, yaani Mlango wa Matumbo.