Barabarani nako ni kazini, tulipwe

Slipu ya mshahara imeingia leo na hasira haijanishuka mpaka sasa naandika. Nimelipwa dakika nilizokuwa ndani ya nyumba za wazee basi, barabara yote ya katikati nimeitembea bure.

Kwa ambao hawaijui hii kazi ya ukea wa majumbani huku Uingereza, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa nyumbani kwao, siku inaanza saa moja asubuhi. Unafungua kiboksi cha ufunguo ukutani kwa namba, unavaa glovu na aproni, unamwamsha bibi, unambadilisha pampasi, unamsafisha, unamgeuza ubavu uangalie visigino na juu ya makalio kama ngozi imeanza wekundu, maana kidonda cha kulalia kikishatoboka kupona kwake ni miezi, halafu dawa, chai, tosti, unaandika kila kitu kwenye app, nusu saa imekwisha na mzee wa pili yuko mtaa mwingine kabisa anakusubiri akiwa amelowa. Hiyo safari ya dakika 20 au 25 kwenye app haipo, kana kwamba nimeruka tu nikatua kwake.

Sasa piga hesabu. Sisi tuliokuja kwa viza ya ukea kiwango kilichowekwa 2025 ni pauni 12.82 kwa saa. Asubuhi nimehudumia saa 4, barabarani kati ya mzee na mzee saa moja na nusu, nalipwa 51.28. Igawe kwa saa 5 na nusu inakuja kama 9.32, wakati kima cha chini cha mshahara kisheria kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa 12.21 kwa saa kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea. Na sheria iko wazi, kutoka mteja mmoja kwenda mwingine ni muda wa kazi na lazima uingie kwenye hesabu ya kima cha chini. Kutoka kwako kwenda kwa wa kwanza hapana, hilo sigombani nalo. Nimeuliza ofisini naambiwa "ndo utaratibu wetu".

Najua kuna mtu hapo anazidisha pauni kwa shilingi anaona nalalamikia shibe. Zidisha ndugu yangu, halafu toa chumba, petroli, bima ya gari, kodi ya halmashauri na umeme wa miezi ya baridi, kisha toa na ile ya kutuma nyumbani ambako haijui slipu imekujaje.

Na kazi yenyewe siionei aibu hata kidogo. Kumgeuza mtu mzima aliyepooza upande mmoja bila kumuumiza, taulo juu ya mapaja asijione yuko uchi mbele ya mgeni, ni ujuzi, hata kama kuna watu huko kwetu wakisikia wanauliza kwa hiyo hiyo digrii ilikuwa ya nini. Kuna bibi mmoja akija kea mwingine anang'ang'ania blanketi, nikija mimi ananyoosha mkono mwenyewe nianze kumuosha. Hilo najivunia.

Wadogo zangu mnaonitumia meseji "dada nitafutie hiyo ya ukea", sikilizeni. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga maombi mapya ya makea kutoka nje ya nchi. Wakala anayekuambia ana CoS ya ukea (hati ya udhamini wa mwajiri ya kuombea viza) anakuuzia kwa mamilioni akiwa hapo Dar ni mwizi, usiuze kiwanja cha mama. Na hata kabla ya hapo, tangu Machi 11, 2024 kea mpya alikuwa haruhusiwi kuja na mume wala watoto.

Kwa mlioko huku tayari, woga naujua. Kampuni ikinyang'anywa leseni ya kudhamini wafanyakazi wa viza, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine, ndo maana watu wananyamaza. Lakini piga picha rota yako (ratiba ya zamu) kila wiki, andika saa uliyotoka kwa mteja na saa uliyofika kwa mwingine, tunza slipu zote. ACAS, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, wanashauri bure kwa simu, na HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, wakiamua kufukua malimbikizo ya kima cha chini wanaweza kurudi nyuma mpaka miaka 6. Mimi barua ya ofisini nimeshaandika, inaenda Jumatatu na rota zangu zote nimeziambatanisha.