Binti yangu na hizi programu za udaktari za moja kwa moja

Jamani wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, nani kapitia hii kitu ya BS/MD, yaani digrii ya kwanza na udaktari kwa pamoja? Mimi nimekulia Bongo, nilizoea ukimaliza Form Six na PCB yako (fizikia, kemia na baiolojia) imekaa vizuri unaenda zako Muhimbili miaka 5, intanishipu mwaka 1, basi we daktari. Huku hapana, digrii kwanza miaka 4, halafu mtihani wa MCAT, ndo uombe udaktari miaka mingine 4. Sasa binti kaleta hizi programu unazoomba ukiwa bado sekondari na nafasi ya udaktari wanakushikia kabisa, ya chuo kikuu cha Brown inaitwa PLME ni miaka 8 bila MCAT, na ile ya chuo cha UMKC kule Kansas City unamaliza kwa miaka 6 tu, yaani dokta wa miaka 24!

Ila insha zake za maombi acheni tu. Kaandika "napenda kusaidia watu", nikamwambia, mama, hata fundi bomba anasaidia watu, andika ulivyokuwa unampima bibi sukari asubuhi, anavyokunja uso kabla hata sindano haijamgusa. Kanuna weee, ila kaandika upya na imetoka tamu.

Na someni masharti kabla ya kulipia, nyingi zinataka uraia au grinikadi, kuna chuo kimeficha hilo huko chini kabisa. Sasa hivi tunasubiri majibu, anafungua imeili kila dakika, nimemwambia akapike.