Mkono wa Sam Spade

Mjomba wangu alikuwa mpelelezi wa polisi maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu alihamia Chumbageni, Tanga, na habari za kazi ile hakuzigusa. Ukimdadisi, atakuuliza kama umeshakula.

Likizo moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikodi mkanda wa The Maltese Falcon, uliokuwa umechomekwa katikati ya filamu za Kihindi na za karate. Riwaya yake, ya Dashiell Hammett, iliyotoka 1930, nilikuwa nimeshaisoma. Nilimwambia mjomba kwamba mwandishi huyo aliwahi kuwa mpelelezi wa Pinkerton, kampuni binafsi ya upelelezi huko Marekani. Akavuta kiti.

Filamu ni ya 1941, ya kwanza kuongozwa na John Huston. Humphrey Bogart ndiye Sam Spade, mpelelezi wa kujitegemea San Francisco, ambaye mshirika wake, Miles Archer, anapigwa risasi usiku. Kuna sanamu ya ndege inayosakwa na kila mlaghai, lakini ndege huyo hakumshughulisha mjomba hata kidogo. Yeye alisikiliza uongo. Brigid, yule mteja mrembo, alipobadilisha jina, mjomba aliguna tu.

Kisha Spade anakwenda hotelini kwa Gutman, lile bwanyenye nene. Anafoka, anavunja glasi, anatoka kwa kishindo. Akiwa peke yake koridoni, anatabasamu, anautazama mkono wake. Unatetemeka.

"Rudisha hapo, mwanangu."

Nikarudisha. Akausogelea uso wake karibu na kioo cha televisheni.

"Hasira ya kuigiza, woga wa kweli," akasema. "Huyu bwana anaijua kazi."

Mpaka leo naamini sekunde zile chache zinaizidi mikwaju yote ya bastola niliyowahi kuiona katika filamu za wapelelezi.

Mwishoni Spade anamkabidhi Brigid kwa polisi, kwa kuwa ndiye aliyemuua Archer. Mwanamke anaingizwa kwenye lifti, geti la nondo linafungwa mbele ya uso wake. Mke wa mjomba akaja juu: "Anampenda, halafu anampeleka akanyongwe! Moyo gani huo?"

"Mwenzake kauawa, mke wangu."

"Si hata hakumpenda huyo mwenzake?"

"Hata kama."

Hapo ndipo akatusimulia. Zamani, enzi za magendo, mwenzake wa doria alikatwa mapanga karibu na Horohoro, mpakani na Kenya. Aliyefanya hivyo alikuwa mtu wa mtaani kwao mjomba, waliyekuwa wakila naye futari. Mjomba alikwenda kumkamata mwenyewe, alfajiri, na mama wa yule mtu akamfungulia mlango kwa kumwamkua kwa jina la utotoni. Mkewe, pamoja na miaka yote ya ndoa, alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alimshika bega, hakubisha tena.

Asubuhi nilitakiwa kurudisha mkanda. Mjomba akanipa hela ya kuulipia siku nyingine.