Siku Moja Maishani Mwangu: Kijiwe Ndani ya Kioo

Saa 11:30 alfajiri

Nimeamka kabla ya kengele. Begi nililipanga tangu jana usiku: futi ya chuma, kipimo cha unene wa kioo, daftari, na kopo la bati lenye vipande viwili vya kioo nilivyovizungushia pamba. Vingine vyote nikivisahau naweza kuazima. Kopo nimelikagua mara mbili.

Mimi ni fundi vioo, mwaka wa 19 sasa. Naongoza kikosi cha kufunga vioo vya majengo: kuta za mbele, milango, madari, reli za ngazi. Miezi michache iliyopita kioo kimoja cha reli ya ngazi tuliyoifunga kilipasuka usiku, jengo limefungwa, hakuna mtu ndani. Kilikuwa kimekaa pale miezi 11 bila tatizo. Aliyetuuzia akasema tulikigonga ukingo wakati wa kufunga. Ofisi yetu ikakubali maneno yake, na kijana aliyekifunga akasimamishwa kazi wiki mbili bila malipo.

Nilikuwepo kwenye kikao hicho. Moyoni nilikuwa na shaka, mdomoni sikutoa neno. Kwa hiyo leo naenda kwenye maonyesho ya vioo vya ujenzi, na kijana mwenyewe nimemwomba tufuatane.

Saa 2:00 asubuhi

Milango imefunguliwa. Kwa asiyewahi kufika, maonyesho ya namna hii yana sehemu mbili kubwa. Upande mmoja ni mashine: meza za kukatia, mashine za kusaga kingo, tanuri, mikono ya roboti inayobeba vioo kwa vikombe vya kunyonya. Upande wa pili ni vioo vyenyewe, fremu, gundi, raba na vyuma vya kufungia. Ukubwa hutofautiana. Yale ya glasstec kule Düsseldorf, Ujerumani, hufanyika kila baada ya miaka miwili na hujaza kumbi nyingi. Haya yetu ni madogo, ukijipanga unayamaliza kwa siku moja.

Mlangoni wamesimamisha bamba zima la kioo kama linavyotoka kiwandani, mita 6 kwa 3.21, unene milimita 10. Watu wanajipiga picha mbele yake. Kijana akaniuliza uzito wake, nikamwachia apige hesabu mwenyewe: kila mita ya mraba, kwa kila milimita moja ya unene, ni kilo mbili na nusu. Akafumba macho kidogo. "Kama kilo 480, fundi." Sawasawa.

Bamba kama hilo, lililonyooka pande zote mbili bila kusuguliwa, ni kitu cha juzi tu. Mpaka Alastair Pilkington na wenzake wa Uingereza walipotangaza njia yao mwaka 1959, ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka kikaelea na kujinyoosha chenyewe, kioo safi cha dirisha kubwa kilisagwa na kung'arishwa upande huu na upande ule. Kila ninapoona bamba zima namkumbuka yule aliyelazimika kulisugua.

Saa 3:15 asubuhi

Tumekaa kwenye tanuri la tempa, lile linalokipa kioo nguvu kwa moto na upepo, karibu saa nzima, na sijutii. Kioo kinaingia kwenye roli za kauri, kinasogezwa mbele na nyuma ndani ya moto mpaka kipite nyuzi 620 za Selsiasi, kisha kinatoka na kupigwa upepo mkali juu na chini. Nje kunaganda kwanza. Ndani kunapopoa na kutaka kusinyaa, kunakuta ngozi ya nje imeshashika, basi ndani kunabaki kumevutwa na nje kunabaki kumebanwa. Mbano huo wa nje ndio nguvu yote ya kioo cha tempa. Na ndiyo sababu kikishatoka humo huwezi kukikata wala kukitoboa. Tundu la bawaba, pengo la kitasa, kila kitu kifanyike kabla. Nimewahi kuona oda nzima ikitupwa kwa sababu ya tundu moja lililosahaulika.

Wakavunja kimoja mbele yetu, nyundo yenye ncha karibu na ukingo. Mlio ni mmoja, halafu kioo kizima kinakuwa cheupe. Kanuni ya Ulaya, EN 12150, inataka ndani ya mraba wa sentimita 5 kwa 5 vihesabiwe vipande visivyopungua 40 kwa unene kama ule. Kijana akainama na ncha ya kalamu, akahesabu kimoja kimoja, akapata 61. Kisha akanionyesha kwa kidole mistari ya nyufa ilivyoanzia pale nyundo ilipogusa, ikasambaa kama nyuzi za buibui.

"Chetu hakikuwa hivi," akasema kwa sauti ya chini.

Kweli hakikuwa hivi. Chetu kilikuwa na stika ya ukungu upande mmoja, kwa hiyo kilipopasuka hakikumwagika. Vipande vyote vilibaki vimeshikwa na stika, na mistari yote ya nyufa ilirudi mahali pamoja, karibu katikati ya kioo, mbali na kila ukingo. Nilipiga picha, kisha nikaikata stika pale katikati na kuvihifadhi vipande viwili vilivyokuwa hapo. Kwa nini sikuiweka picha ile mezani siku ya kikao, hilo najiuliza mpaka leo.

Pembeni ya tanuri kulikuwa na sanduku kubwa la rangi ya kijivu, halina taa wala kinachozunguka. Ni tanuri la kuoka. Hakuna aliyekuwa amesimama hapo isipokuwa sisi. Kioo kikishapigwa tempa kinarudishwa humo na kupashwa moto polepole. Toleo la 2016 la kanuni ya EN 14179 linataka nyuzi 260 kwa saa mbili. Kioo chenye ugonjwa kinapasukia humo, kiwandani, badala ya kupasukia juu ya kichwa cha mtu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mashine yenye thamani kuliko zote nilizoziona leo. Oda yetu ile haikuokwa. Fomu yetu haikuwa hata na mstari wa kuiomba.

Saa 5:00 asubuhi

Mhadhara niliokuwa nausubiri, na ukumbi ulikuwa nusu mtupu.

Msemaji alianzia Melbourne, Australia. Jengo la ICI House lilikamilika mwaka 1958, refu, limefunikwa vioo, na baada ya muda vioo vya ukuta wake vikaanza kupasuka vyenyewe. Mtafiti wa taasisi ya CSIRO, Ballantyne, alivichunguza vipande na mwaka 1961 akaandika chanzo: vijiwe vidogo mno vya nikeli salfaidi vilivyonaswa ndani ya kioo tangu kiwandani.

Nikeli kidogo ikiingia kwenye malighafi, labda kutoka kwenye chuma cha mitambo, inakutana na salfa iliyomo kwenye tanuri na kuumba kijiwe. Kijiwe hicho kina maumbo mawili: moja la kwenye joto kali, juu ya nyuzi 379, na jingine la kwenye baridi ambalo ni kubwa zaidi kwa asilimia chache. Kioo cha kawaida hupoa taratibu, kijiwe kikapata muda wa kugeuka na mambo yakaisha. Cha tempa hupozwa ghafla, kijiwe kikanaswa katika umbo la moto. Kisha, kimefungwa ukutani, kinaanza kugeuka kidogokidogo, siku, miezi, hata miaka. Kinavimba. Kikiwa katikati ya unene, pale kioo kinapovutwa, ufa mmoja mdogo unatosha.

Aliongeza kitu nilichokipenda, kwamba si kila kioo kinachoanguka kina kijiwe. Vile vioo 10,344 vya mnara wa John Hancock kule Boston, vilivyobadilishwa vyote miaka ya 1970, kosa lake lilikuwa kwenye maungio ya risasi ya vioo vya tabaka mbili, yaliyoshika kwa nguvu kupita kiasi. Kabla ya kumlaumu mtu au kioo, tafuta mahali ufa ulipoanzia.

Kijana hakuandika chochote. Alikuwa ameshika kopo mapajani kwa mikono miwili.

Saa 7:00 mchana

Tumepita haraka upande wa vioo. Nilisimama mara mbili tu. Kwanza kwenye kioo cha ombwe: mabamba mawili yaliyoachana kwa sehemu ndogo ya milimita, hewa imenyonywa yote, na nukta ndogo ndogo kati yao kuyazuia yasigusane. Kinazuia joto kuliko dirisha la tabaka mbili la kawaida, na ni chembamba kiasi cha kuingia kwenye fremu ya zamani. Pili kwenye kioo cha kuwalinda ndege, chenye nukta zilizopangwa sentimita 5 kwa 5 upande wa nje ili ndege wasidhani ni anga tupu. Nimeokota ndege wengi sana chini ya kuta nilizofunga mwenyewe. Wasanifu wakiuliza, nitakuwa naanza na hicho.

Saa 8:40 mchana

Banda la maabara liko kwenye kona, hadubini moja na mama mmoja mtu mzima mwenye miwani. Kijana akamwamkia, "Shikamoo mama," akafungua kopo mwenyewe. Mimi nikanyamaza safari hii kwa makusudi, kwa kuwa habari hii ni yake.

Yule mama hakugusa hadubini kwanza. Aliviweka vile vipande viwili juu ya kitambaa cheusi, akavisogeza kwa kibano mpaka vikakaribiana. Ni vikubwa kuliko vipande vya kawaida, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, kina pande tano au sita, na vinashirikiana upande mmoja ulionyooka. Vikikutana vinafanana na kipepeo aliyefungua mabawa.

"Nani aliyekuwa na akili ya kuvitunza hivi?" akauliza.

"Fundi wangu," kijana akajibu.

Akakisimamisha kimoja, uso uliovunjika ukitazama juu, akakiweka chini ya lenzi, akarekebisha, kisha akatuita. Kijana kwanza, halafu mimi. Uso wa mvunjiko ulikuwa laini kabisa katikati, laini kama maji yaliyotulia, na kadiri ulivyokwenda nje ulizidi kuwa na mikwaruzo. Katikati ya ile sehemu laini, katikati hasa ya unene wa milimita 12, palikuwa na kitone. Mviringo, rangi ya dhahabu iliyochafuka, ngozi yake imeparuza kama ganda la tunda kavu. Akakipima: sehemu moja ya tano ya milimita.

Sikuweza kuondoa jicho. Kitu nisichoweza kukihisi kwa ukucha ndicho kilichovunja kioo cha kilo 36.

Mama alikuwa makini. Alisema kwa umbo, mahali na rangi hana shaka kubwa, ila jibu la kuandikwa kwenye karatasi linataka hadubini ya elektroni inayosoma nikeli na salfa zenyewe, na hiyo iko maabara kuu. Tukamwachia kipande kimoja, akatupa risiti na picha. Kisha akamgeukia kijana. "Kioo kilichogongwa ukingo huanzia ukingoni, mwanangu. Hiki kimeanzia ndani yake chenyewe."

Kijana akasema, "Asante, mama." Akakifunga kipande kilichobaki kwenye pamba, polepole, akarudisha kifuniko.

Tulipotoka pale nilimwambia kile nilichopaswa kumwambia zamani: nilikuwa na shaka siku ile, nikanyamaza, na nilimkosea. Alitembea hatua kadhaa bila kujibu. Kisha akasema, "Nimesikia, fundi. Sasa vile vingine 23?"

Saa 10:00 jioni

Hilo ndilo swali lililotushika mpaka mwisho wa siku. Ngazi ile ina vioo 24 vya oda moja, na 23 bado viko pale, watu wanaviegemea. Kuvioka sasa ni kuving'oa vyote na kuvirudisha kiwandani. Stika ilitusaidia safari moja kwa bahati, lakini haiwezi kuhesabiwa kuwa ulinzi.

Tukaenda kwenye banda la vioo vya lamineti. Wana kioo cha mabamba mawili ya tempa yaliyogandishwa pamoja kwa utando laini wa plastiki ya PVB katikati, wakayavunja yote mawili kwa nyundo: hakuna kipande kilichoanguka, lakini kioo kizima kiliinama na kulegea kama shuka lililoloa. Cha pembeni yake kina utando mgumu zaidi, nacho kilivunjwa hivyohivyo kikabaki kimesimama wima. Kwa reli iliyoshikwa chini tu, ndani ya chaneli, kama yetu, tofauti hiyo ni mtu kuanguka au kutoanguka. Nimeandika vipimo vyote vya hicho cha pili.

Saa 12:20 jioni

Nimempigia meneja nikiwa nje ya ukumbi. Nimemweleza nilichokiona, nikamwambia kijana hakugonga kioo na kwamba nilipaswa kusema kwenye kikao. Alikaa kimya, kisha akaomba picha na risiti, akasema malipo ya wiki zile mbili atayarudisha. Nimemwomba aliandike leo hii. Nimemwomba pia ngazi ifungwe usiku huu mpaka tufike.

Niliporudi kwenye gari nilimkuta kijana ameshachora ngazi nzima kwenye daftari langu, visanduku 24, kimoja amekipiga mkasi. Kwenye kila kisanduku ameweka alama ndogo ya kona ulipo muhuri wa kiwanda, maana mihuri ndiyo itakayotuambia kama vyote vilitoka kundi moja.

"Cha nne na cha tano sikumbuki kama muhuri uko juu au umezama kwenye chaneli," akasema. "Tuanze na hivyo kesho."