Riwaya imenikumbusha shosti wangu

Jana usiku nimemaliza ile riwaya niliyokuwa naisoma, nikabaki nimekaa tu kitandani na kitabu kifuani. Ni hadithi ya binti wa miaka 16 anayekua na kujitafuta, zile ambazo Wajerumani wanaziita Bildungsroman, na mimi nilidhani kitakachoniliza ni yule kijana aliyemwacha, kumbe wala. Kilichoniliza ni shosti wake. Hawakugombana, hakuna aliyemkosea mwenzie, meseji zilipungua tu, leo moja, wiki ijayo hamna, mpaka siku wanakutana njiani wanasalimiana kama watu wasiojuana vizuri. Jamani! Mapenzi yakivunjika watu wanakupa pole, urafiki ukifa nani anakuja?

Nimemkumbuka wa kwangu tuliyekuwa tunaazimana mpaka viatu, nilimpoteza hivyohivyo nikiwa na miaka 19, na kama huyo binti nilikuwa sijui hata mwenyewe napenda nini kwasababu kila kitu tulikuwa tunachagua wote wawili.

Mwandishi hajawapatanisha mwishoni na nimempenda kwa hilo. Ila leo asubuhi nimemtumia wangu meseji, "mzima wewe?" Bado hajajibu.