Siku Tuliyoifunika Theluji

Siku ya tatu kambini nilikimbia. Mtu aliyetua jana juzi tu kwenye mwinuko wa mita 3,200 hatakiwi kukimbia, nami nilikwisha kuonywa mara mbili, lakini skrini ya mashine yetu ya kupimia gesi ilikuwa imeonyesha 900 na miguu haikungoja ruhusa. Niliingia hema la chakula nikihema, kifua kinawaka, nikatangaza kwamba theluji inatoa oksidi ya nitrojeni kwa wingi usiosikika. Mkuu wa kundi letu, mzee wa maneno machache, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye bakuli lake la supu.

"Kijana," akasema, "upepo unatoka wapi?"

Ulikuwa unatoka kaskazini. Na kaskazini ya kibanda chetu cha vipimo ndiko zilikokuwa jenereta za kambi. Nilichokuwa nimekigundua ni moshi wa dizeli.

Tulikuwa Summit, mahali palipoinuka kuliko pote kwenye barafu ya Greenland, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chini ya miguu yetu kulikuwa na barafu yenye unene wa kilomita tatu hivi, na kila upande ulikotazama ni weupe mpaka macho yachoke. Upepo wa kawaida pale huvuma kutoka kusini, kwa hiyo upande wa kusini uliachwa bila kitu: hakuna gari wala pikipiki ya theluji iliyoruhusiwa kupita huko. Kibanda chetu kilikuwa ukingoni mwa eneo hilo, nasi tulikiendea kwa miguu, tukifuata mstari wa bendera zilizofungwa kwenye fito za mianzi. Ukungu ukishuka, unahesabu bendera moja baada ya nyingine na kumshukuru aliyezichomeka.

Tulichokuwa tunakitafuta ni oksidi mbili za nitrojeni, gesi za NO na NO2, kwa viwango vya sehemu moja katika trilioni. Watu hupenda kutoa mfano wa sekunde moja katika miaka elfu thelathini na kitu. Mfano huo haukuwahi kunisaidia. Kilichonisaidia ni kujua kwamba moshi wa injini moja, hata ukipita mbali, una gesi hizo kwa kiasi kinachoweza kuufunika upumuaji wote wa theluji inayokuzunguka.

Ndiyo, upumuaji. Kwa muda mrefu theluji ya ncha za dunia ilichukuliwa kuwa ghala: nitrati, chumvi yenye nitrojeni, inaanguka, inafunikwa, inakaa. Mwaka 1999 mwanasayansi Richard Honrath na wenzake wakachapisha vipimo vya hapo hapo Summit, vilivyoonyesha kwamba hewa iliyo katikati ya chembe za theluji ina oksidi za nitrojeni nyingi kuliko hewa iliyo juu yake. Ncha ya Kusini nako, katika kiangazi cha 1998 na 1999, wengine walikuta NO ikifika mamia ya sehemu kwa trilioni, mahali ambapo watu walitarajia chache tu. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba miali ya jua ya urujuanimno, ile ya karibu nanomita 300, inaipiga nitrati kwenye chembe za theluji na kuivunja, na NO2 inatoka. Kwa anayesoma historia ya hewa katika nguzo za barafu zinazochimbuliwa toka chini, hiyo ni habari mbaya, kwa sababu nitrati anayoikuta chini si yote iliyoanguka.

Basi baada ya aibu ya siku ya tatu nikawa mtu wa kushuku kila kitu. Mashine yetu ilikuwa sanduku la chuma lenye pampu inayonguruma mchana kutwa. Hewa huvutwa kwa mrija wa Tefloni, ndani inachanganywa na ozoni, na kila NO inayokutana na ozoni ina nafasi ndogo ya kutoa chembe ya mwanga mwekundu uliofifia mno. Kihisi kinachohesabu mwanga huo hupozwa sana, maana kikiwa na joto kinahesabu hata giza. NO2 haionekani moja kwa moja: kwanza tunaipitisha mbele ya taa kali ya urujuanimno ivunjike kuwa NO, ndipo tuihesabu. Kila baada ya muda mashine inajipima sifuri, nami nilikaa nikiitazama sifuri hiyo kuliko nilivyovitazama vipimo vyenyewe.

Siku ya tisa upepo ulitulia kusini na mbingu ikatakata. Mwezi wa sita jua la pale halizami. Usiku wa manane linaning'inia nyuzi 6 juu ya upeo, na adhuhuri linafika kama nyuzi 41. Namba zikaanza kupanda asubuhi pamoja nalo, polepole, bila vishindo. Mrija wa juu, ulio hewani, ulikuwa ukisoma sehemu ishirini na kitu kwa trilioni. Mrija tuliouzika sentimita 10 ndani ya theluji ulisoma zaidi ya mia tatu. Safari hii sikukimbia. Nilitembea hadi kwa mzee nikamwambia upepo ni wa kusini tangu jana, sifuri iko sawa, na gesi ya kupimia, ile ya kiwango kinachojulikana tunayoijaribia mashine, imesoma vizuri mara mbili.

"Sawa," akasema. "Sasa izime."

Alimaanisha jua. Kama kweli ni mwanga unaoitoa ile gesi, uondoe mwanga uone. Nilichukua mfuniko wa kreti, kama nusu mita kila upande, nikausimamisha kwa vijiti juu ya mahali pa mrija ili upepo uendelee kupita chini yake. Namba ikatikisika kidogo, ikakaa pale pale. Nilikata tamaa, mpaka mzee alipopiga magoti, akachimba kishimo kando ya kivuli, akanionyesha: ndani yake theluji ilikuwa inang'aa buluu, kivulini kabisa. Mwanga unapenya kwenye theluji kutoka pembeni, unarukaruka kati ya chembe, na urujuanimno hushuka makumi ya sentimita kabla haujaisha. Kivuli changu kilikuwa kofia juu ya kichwa cha tembo.

Tukaleta plaiwudi mbili nzima, tukazipaka rangi nyeusi upande wa chini. Kuibeba plaiwudi kwenye upepo ni kazi ya kudhalilisha: iligeuka tanga, ikanivuta hatua kadhaa na kuniangusha chali, na tulilazimika kusubiri tena, maana tulikuwa tumeivuruga theluji yenyewe. Saa saba na dakika tano mchana ndipo zikasimama.

NO ikaporomoka ndani ya dakika chache. Nilipiga ukelele ndani ya kibanda. Mzee akanyoosha kidole kwenye mstari mwingine wa skrini. "Hiyo haithibitishi kitu," akasema. "Ukiondoa mwanga, ozoni inaila NO na kuigeuza NO2. Umezibadilisha jina tu. Tazama jumla yake."

Hili nilikuwa nimelisoma, nimelifanyia mtihani, na nimelifaulu. Pale kibandani lilikuwa limenitoka kabisa.

Kwa hiyo tukakaa kuitazama jumla. Mwanzoni haikushuka. NO2 ilipanda kadiri NO ilivyopungua, kama vile maji yanavyomiminwa kutoka kikombe kwenda kikombe. Kisha, upepo ulipokuwa unaisukuma hewa ya ndani ya theluji kidogo kidogo, jumla ikaanza kuteremka. Baada ya dakika arobaini ilikuwa chini ya nusu. Mrija wa pili, tuliouzika nje ya kivuli ili ulinganishwe, haukuwa umebadilika hata kidogo. Tukaondoa mbao. NO ikaruka karibu mara moja, jumla ikaanza kupanda nyuma yake kwa mwendo wake wa uvivu.

Tulirudia mara tatu kabla jua halijateremka sana. Pampu iliendelea kunguruma, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glavu mbili, na muda wa kila jambo niliuandika kwa penseli, kwa sababu wino ulikuwa unaganda: mbao zimewekwa, mbao zimeondolewa, upepo kusini. Kesho yake upepo ukageukia kaskazini na ukakaa huko siku mbili, tukawa hatuna la kufanya ila kucheza karata.

Siku ya kufunga mizigo nilifungua daftari kunakili namba. Kwenye ukurasa wa siku ya tatu, kando ya ile 900 niliyoipigia mstari mara mbili na kuiwekea alama ya mshangao, kulikuwa na jenereta ndogo iliyochorwa kwa penseli, yenye bomba linalofuka moshi. Ilichorwa kwa ustadi. Hata skrubu zilionekana.