Sketi ya marinda kumi na mawili

Wiki iliyopita nilikwenda soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, na binti yangu. Tumeinama kwenye lundo la suruali, akaniuliza, "Mama, mbona kila nguo wewe unaigeuza unaangalia ndani kwanza? Wenzako wote wanaangalia nje." Nikamwambia nitamweleza tukifika nyumbani. Tulipofika nikamkuta mteja ananisubiri barazani, basi likapita. Ila tangu siku ile mawazo yangu yako Mabibo, kwenye chumba kile, usiku ule wa suruali ya bluu.

Ulikuwa mwaka 2006, mwaka wa mgawo. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yameshuka, umeme ukawa wa zamu, na usiku ule haikuwa zamu yetu. Mdogo wangu alikuwa ameletwa likizo ya Juni kutoka kwa Bibi, Korogwe, ahamie shule ya huku. Sketi aliyokuja nayo ilikuwa imepauka na kumwishia juu ya magoti. Walimu walishasema: sketi ya bluu, yenye marinda, Jumatatu asubuhi. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Sketi ya marinda inakula kitambaa, anayeshona ananielewa. Kiuno cha sentimita 60 kinataka kitambaa cha sentimita 180 kukizunguka, kwa sababu kwa kila sehemu moja inayoonekana, mbili zimekunjwa ndani. Mama alikuwa amekwenda hadi Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, akaulizia bei ya mita, akashukuru, akaondoka. Akapitia Manzese kwenye mitumba, akarudi na suruali moja ya mwanaume, ya shilingi 500. Ilikuwa kubwa ajabu, mimi na mdogo wangu tungeweza kuingia mguu mmoja wote wawili. Suruali za ukubwa ule wauzaji walikuwa wakizitupa bei, maana nani wa kuzivaa? Fundi ndiye wa kuzikimbilia. Analipia nguo isiyotakiwa, anaondoka na kitambaa.

Kila nikilikumbuka hilo roho inaniuma kidogo, kwa sababu kiwanda cha Urafiki kilikuwa pale pale kwetu. Kilijengwa kwa msaada wa Wachina, kikafunguliwa mwaka 1968, na Mama amekua akiona kanga na vitenge vyake vikivaliwa kila mahali. Usiku ule alikuwa jirani na ukuta wa kiwanda cha nguo, na mtoto wake anasubiri sare itoke kwenye suruali iliyovaliwa na kuachwa Ulaya.

Chumba kilikuwa cha futi kumi kwa kumi. Cherehani ilikaa nyuma ya mlango, Butterfly ya miguu, na mchana kichwa chake kililazwa ndani ya meza, juu tukalia chakula. Kikiinuliwa, mlango haufunguki. Mwenye haja ya kwenda uani aende mapema. Na kwa kuwa kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, kikohozi cha chumba cha mbele kilikuwa kikohozi chetu sote. Mama alikunja gunia akaliweka chini ya miguu ya cherehani ili mtikisiko usiende kwa majirani.

Kazi yangu ilikuwa kufumua. Mama aliuvunja wembe katikati, nusu akanipa. Suruali ilifumuliwa yote, mshono kwa mshono, wala hakikutupwa kitu. Zipu ikawekwa pembeni, itapunguzwa ikae ubavuni mwa sketi. Kulabu ya kiunoni, pembeni. Kitambaa cheupe cha mifuko, pembeni. Hicho kitakuwa mfuko wa sketi. Sehemu ya makalio, ambayo ilikuwa imesagika, ikatoa mkanda. Kila mguu ulitoa kipande cha mbele na cha nyuma, kila kipande kikakatwa viwili magotini. Vipande vinane vikapangwa kitandani, maana kitanda ndicho kilikuwa meza ya kukatia. Mdogo wangu alikuwa amelala chini kwenye mkeka.

Hapo ndipo ninapopakumbuka kuliko kote.

Upande wa nje wa suruali ulikuwa umepauka magotini. Upande wa ndani bluu ilikuwa bado mbichi, kama imetoka dukani. Kwa hiyo vipande vyote vinane vilipaswa kushonwa ndani nje, na kama kimoja kingekosewa, mchana kingeonekana tangu kwenye geti la shule. Lakini mwanga wetu ulikuwa kibatari. Kwenye kibatari bluu yote ni nyeusi, na ndani na nje ni kitu kimoja. Nilikisogeza kibatari karibu mpaka Mama akaniambia nitaunguza kitambaa.

Akafumba macho. Akachukua kipande cha kwanza, akakiweka pajani, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, polepole, kutoka kona hadi kona. Akakigeuza, akapitisha tena. Akachukua kipande cha sabuni kilichokonda, akachora alama ya kuzidisha upande mmoja, akakiweka kando. Cha pili hivyo hivyo. Chumba kizima kilikuwa kimya, unasikia ukucha tu: krrr, kisha upande wa pili hausikii kitu.

"Lete mkono wako," akaniambia.

Nikapitisha ukucha wangu. Upande mmoja ulikuwa na mistari myembamba ya mshazari, ukucha unakwaruza. Upande wa pili unateleza.

"Huu ndio wa nje?" nikauliza.

"Usiniulize mimi. Kiulize kitambaa."

Nikarudia, nikajibu, akanipa sabuni nichore mwenyewe. Vipande vilivyobaki nilivichora mimi, na yeye hakuvikagua. Nilikuwa darasa la sita. Sijui kama aliona lilikuwa jambo kubwa, lakini kwangu mimi lilikuwa.

Rula hatukuwa nayo, na futi kamba yake ilikuwa imefutika namba. Marinda aliyapima kwa kiberiti. Urefu wa kiberiti mmoja uonekane, viberiti viwili viingie ndani. Vipande vinne vya juu, vya mapajani, vilikuwa vipana, kila kimoja kikatoa marinda mawili. Vinne vya chini vikatoa rinda moja moja. Kumi na mawili. Na kila palipoungwa pakaangukia ndani kabisa ya kunjo, pale ambapo jicho halifiki. Huku anapachika pini alinieleza alikojifunza: kwa fundi mmoja Korogwe, miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, wakati kitambaa kilikuwa adimu na watu wakipanga foleni kwenye maduka ya serikali ya RTC kabla hawajajua kilicholetwa. Fundi yule alikuwa akishona gauni kutoka mashati mawili, na mwenye gauni akienda nalo harusini.

Mengine yalikwenda haraka. Alishona mpaka usiku mkubwa, mimi nikasinzia. Jumapili tukapiga pasi ya mkaa, kitambaa chenye maji juu, mpaka marinda yakashika. Jumatatu mdogo wangu akaenda shule, na jioni akarudi analalamikia uji tu, sketi wala hakuitaja.

Ila siku moja wiki hiyo hiyo jirani wa chumba cha mbele alisimama koridoni, akalishika rinda moja akalikunjua. Mwenzetu yule alikuwa na jicho. "Hee, shoga, sketi nzuri. Kitambaa kama hiki kinapatikana wapi?"

Mama akajibu, "Kariakoo kipo. Mtaa wa Uhuru."

Nilishangaa, maana Mama hasemi uongo. Miaka baadaye nilimuuliza, tukiwa tunapanga vitambaa Kimara, nikamkumbusha jirani na rinda lile. Akasema, "Aliuliza kinapatikana wapi, nikamwambia kinakopatikana. Angeuliza nilikipata wapi ningemjibu hilo." Akaendelea kukunja.

Nimelifikiria sana jibu lile na sijafika mwisho wake. Upande mmoja nadhani alikuwa anamkinga mtoto. Koridoni maneno hayakai, na kesho yake mdogo wangu angeitwa suruali shuleni. Upande mwingine nadhani ni ufundi wenyewe. Kazi iliyomgharimu usiku mzima ilikuwa kuhakikisha kiungo hakionekani. Kuitangaza kungekuwa kuifumua tena. Na huenda ni aibu ya kawaida ya mtu aliyetoka dukani bila kununua, ambayo hataki mwanawe aijue. Mdogo wangu hadi leo hajui. Ana watoto wanaosoma, sare ananunua zilizoshonwa tayari, na mara mbili tatu nimefungua mdomo nimwambie nikaufunga.

Mimi ninashona kwenye chumba ambacho si kikubwa kuliko kile, na kitambaa cha mteja kikipungua ninaunga kama nilivyofundishwa. Tofauti ni kwamba ninamwambia. Ninamfunulia rinda, ninamwonyesha. Mama halipendi jambo hilo hata kidogo. Anasema mteja amelipia sketi, ukimwonyesha kiungo atakiona yeye tu maisha yake yote, umemharibia nguo nzima. Mimi nasema ni haki yake kujua anachovaa. Yeye anasema kuna haki na kuna utu. Hapo huwa sina la kumjibu, lakini bado namwonyesha mteja.

Juzi amenipigia simu kuulizia yule dada wa gauni la kitenge, lile nililounga mgongoni. "Ulimwambia?" Nikamjibu ndiyo, nilimwambia. Akaguna. Kisha akauliza amelichukua au ameliacha. Nikamwambia amelichukua, na ameagiza lingine. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza habari za watoto.